Namna ya Kuukagua Mtaro wa Mlimani

Ukitaka kujua kama mtaro umechimbwa vizuri, nenda siku ya mvua. Naanza na hili kwa sababu wengi hukagua kazi ya udongo wakati wa kiangazi, kuta zikiwa zimesimama na alama za jembe zikihesabika moja moja, wakaridhika na kulipa. Mtaro mkavu ni kama bwana harusi siku ya posa: hakuna ambaye si mpole. Ngoja masika, jifunike mfuko wa mbolea kichwani, usimame ukingoni. Maji yakiingia na kutulia, tope likaanza kuzama chini, hapo pana fundi. Yakikimbia, au yakikusanyika mahali pamoja na kuanza kulilamba tuta, kipimo kilikosewa, hata kama mstari umenyooka kama rula. Tena rula yenyewe ni dalili mbaya. Mlima haujanyooka, na mtaro unaofuata usawa wa mlima lazima upinde pale mlima unapopinda.

Hapa Bungu, kwenye Usambara ya upande wa Korogwe, mashamba yanapanda migongo ambayo hata mbuzi huifikiria mara mbili. Kuchimba kwetu bado ni kazi ya jembe, na mwenye shamba asiyejua kuikagua hulipa mara mbili: kwanza mchimbaji, halafu mvua.

Mtaro unaosifiwa zaidi ni wa fanya juu. Unachimba kukatiza mteremko, upana kama sentimita 60 na kina 60, na udongo wote unaurusha upande wa juu ukawa tuta. Anayerusha chini amefanya fanya chini. Ni rahisi kwa mgongo, lakini tuta lake liko upande wa bonde na mtaro hujaa upesi. Ukipiga hesabu ya vipimo hivyo, kila mita moja ya urefu ni karibu nusu tani ya udongo iliyopandishwa kwa mikono. Mtu akikuambia amemaliza mita 40 peke yake kwa siku moja, usimwite mwongo mbele za watu. Chukua kijiti, ukapime kina. (Maneno haya mawili, fanya juu na fanya chini, yametoka Ukambani, Machakos, yakaingia kwenye vitabu vya kilimo vya Kizungu bila kutafsiriwa. Ni mara chache Kiswahili kinawafundisha wengine kuchimba.)

Kati ya mtaro na tuta lazima ibaki kingo ndogo ya udongo usioguswa, walau shibiri moja. Wachimbaji wenye haraka huiruka, tuta likakaa mdomoni mwa mtaro, na mvua ya kwanza ikalirudisha lilikotoka. Ukikuta tuta limebebana na mtaro bila kingo, huna haja ya kukagua zaidi.

Kipimo chenyewe hakihitaji chombo cha gharama. Fito tatu zikifungwa kama herufi A, na jiwe likining'inia kwa kamba kutoka kileleni, zinatosha kutafuta usawa. Wengine hutumia pimamaji kwenye kamba. Muulize mchimbaji alitumia nini. Akijibu "macho", angalia sura yake kwanza, maana wapo wazee wachache ambao macho yao ni kipimo kweli. Kwa wengine wote jibu hilo ni kiburi. Halafu uliza jambo ambalo wengi hulisahau: mtaro unaishia wapi? Kwenye pande zenye mvua nyingi kama huku kwenye chai ya Ambangulu na Dindira, mtaro ulio sawa kabisa hufurika. Unapewa mteremko mdogo sana, kama sentimita 5 kwa kila mita 10, maji yakatoka taratibu hadi kwenye njia iliyooteshwa nyasi. Mtaro unaoishia mpakani mwa jirani haujakamilika. Hiyo ni kesi iliyoahirishwa hadi masika.

Ngazi pana, zile za kukata mlima zikawa kama vitanda, zinataka jicho jingine. Usitazame ukuta, tazama mahindi. Yakiwa marefu ukingoni na mafupi, yenye manjano, upande wa ndani, basi aliyekata ngazi aliuzika udongo mweusi wa juu na kuuacha ule mwekundu wa chini uso kwa uso na mbegu. Fundi mzuri huukwangua udongo wa juu kwanza, akauweka kando, akakata, akasawazisha, kisha akaurudisha. Ni kazi mara mbili na haionekani kwa picha. Inaonekana kwenye gunia.

Halafu nyasi. Tuta lisilo na nyasi ni rundo tu. Milimani kwetu utakuta majani ya Guatemala au mabingobingo, na ukitaka kujua kama mwenye shamba anayajali, angalia kama yamekatwa. Yaliyokatwa yameliwa na ng'ombe wa zizini, na mtu anayekata majani kila wiki huliona tuta lake kila wiki. Ule mradi wa kuhifadhi udongo ulioanza Lushoto mwaka 1981 kwa msaada wa Wajerumani, SECAP, ulishika jambo hili: majani, miti na maziwa vilifungwa kwenye mstari mmoja.

Kabla ya hapo palikuwa na somo chungu. Mwaka 1946 serikali ya mkoloni ilianzisha Mlalo mpango wa kuponya ardhi, baadaye ukaenea Usambara, na watu wakalazimishwa kulima kwa matuta. Mzigo mkubwa uliwaangukia wanawake. Upinzani ukakua hadi mpango ukaachwa mwishoni mwa miaka ya 1950. Mwanahistoria Steven Feierman, katika kitabu chake cha 1990, ameeleza jinsi Wasambaa walivyoupima utawala kwa maneno yao wenyewe: kuzifya shi, kuiponya nchi, na kubana shi, kuiharibu. Mkaguzi wa wakati ule alihesabu matuta. Mwenye shamba alihesabu siku zilizopotea. Ndiyo maana mimi nikionyeshwa safu ya matuta mazuri mno huuliza kwanza nani aliyataka.

Ufundi huu una siri moja inayowapotosha wageni. Mtaro wa fanya juu uliojaa udongo si lazima uwe umekufa. Udongo unaoshuka hunaswa na tuta, shamba linajisawazisha lenyewe mwaka hadi mwaka, na tuta linapandishwa kidogo kila msimu. Ukikuta tuta lenye kimo cha kiuno na nyuma yake shamba karibu tambarare, umeona kazi ya miaka mingi. Mtaro mrefu, wenye kina, safi kama wa jana, ndio unaopaswa kukutia shaka.

Sasa mashine. Matrekta madogo yenye kijiko cha kuchimbia nyuma yanapatikana, na vijana wanauliza kwa nini tuumize migongo. Bondeni sina ugomvi nayo: bwawa la samaki, mfereji wa bomba, shimo la choo, msingi wa nyumba. Lakini nayo ina namna yake ya kukaguliwa, na ukaguzi unaanza kwa kuinama.

Chungulia chini ya trekta uone kijiko kimeshikiliwa na nini. Kuna vinavyoning'inizwa kwenye mikono mitatu ya nyuma, mfumo ambao Harry Ferguson, Mwairishi ambaye jina lake bado limo kwenye matrekta ya Massey Ferguson, aliufanyia kazi miaka ya 1920 kwa ajili ya jembe. Jembe huvutwa. Kijiko kinasukuma, kinanyanyua na kung'ang'ana. Kikikwama kwenye mzizi au mwamba na dereva akaendelea kuvuta, mkono mzima unaweza kuinuka na kukunjika kuelekea trekta, pamoja na kiti alichokalia, akabanwa kati ya kiti na chuma cha nyuma. Watu wamekufa hivyo. Kijiko kilichofungwa kwenye fremu inayopita chini ya tumbo la trekta husambaza nguvu hizo, na hakikunjiki. Kama ni cha mikono mitatu, mkono wa juu uwe chuma kigumu chenye pini halali. Ukikuta mnyororo, au pini iliyozuiwa kwa msumari, mshukuru mwenye mashine na umuage kwa heshima.

Halafu mtazame dereva kabla hajawasha. Dereva mzuri hushuka na kutembea eneo lote. Huelekeza trekta juu au chini ya mteremko, hakatizi. Hushusha miguu ya pembeni kwenye ardhi ngumu, hachimbi chini ya miguu hiyo, na udongo huutupa upande wa juu, kwa sababu kijiko kilichojaa kikining'inia upande wa bonde kinalivuta trekta zima kulifuata. Watoto anawafukuza bila kuomba radhi. Leva hazigusi akiwa amesimama chini. Akitafuta mpira wa haidroliki unaovuja hupitisha kipande cha boksi, kamwe si kiganja: mafuta yale yenye shinikizo hupenya ngozi kama sindano. Udongo uliotolewa hukaa angalau sentimita 60 kutoka mdomo wa shimo, na shimo likifika kina cha mita moja na nusu hamruhusu mtu kuingia kabla kuta hazijaegemezwa. Mita moja ya ujazo ya udongo ina uzito unaozidi tani moja. Haimpi mtu nafasi ya kupiga kelele.

Niliwahi kumwona kijana mmoja aliyeitwa kukata ngazi kwenye shamba la mlimani. Alifika, akakanyaga udongo kwa kisigino, akapanda hadi juu, akarudi. "Shikamoo mzee. Hapa mashine haipandi. Tafuta vijana wenye majembe." Mwenye shamba alinuna, akasema amepoteza nauli. Mimi niliomba namba ya yule kijana, na nilipotaka kuchimba bwawa bondeni nilimpigia yeye.

Kwa malipo, mimi hufanya hivi, kwa jembe na kwa mashine: nusu kazi ikiisha, nusu baada ya mvua kubwa ya kwanza, tukiwa tumesimama pale pamoja. Anayekataa sharti hilo namsindikiza hadi barabarani.