Dawa Bila Aliyeifundisha

Mwaka 2007 Volker Scheid, mtafiti ambaye pia ni tabibu wa tiba ya Kichina, alichapisha kitabu kinene kiitwacho Currents of Tradition in Chinese Medicine, 1626–2006. Kinafuatilia koo za matabibu wa Menghe, mji mdogo katika jimbo la Jiangsu, kwa karibu miaka 400. Nimekisoma huku nikiifikiria Bonga, kata ya mji wa Babati iliyo kando ya barabara ya Kondoa, kwao mama yangu, ambako dawa nazo hurithiwa ndani ya ukoo. Kimenifanya niyaangalie upya maandishi yetu kuhusu tiba asili, na sikuridhika na nilichokiona.

Uzuri wa kitabu ni kwamba hakianzi na dawa. Kinaanza na watu: nani alimfundisha nani, nani alioa katika ukoo upi, nani alihama. Ding Ganren alijifunza kwa matabibu wa Menghe, akahamia Shanghai, na mwaka 1917 yeye na wenzake wakafungua chuo. Elimu ya ukoo ikaingia darasani, ikafundishwa watoto wa watu wengine. Serikali ya China ilipofungua vyuo vinne vya kwanza vya tiba hiyo mwaka 1956, katika miji ya Beijing, Shanghai, Guangzhou na Chengdu, watu wa mkondo wa Menghe walikuwa miongoni mwa walimu. Hoja ya Scheid, kama ninavyoielewa, ni kwamba mapokeo hudumu kwa kubadilika mikononi mwa wanaoyapokea.

Sasa chukua makala ya kawaida ya mimea tiba ya Tanzania. Moyo wake ni jedwali: jina la kisayansi, jina la kienyeji, sehemu inayotumika, ugonjwa, namna ya kutayarisha. Mzizi. Huchemshwa. Tumbo. Silidharau jedwali hilo. Maabara haiwezi kuupima mmea usiojulikana jina, na taasisi kama ile ya Tiba Asili pale Muhimbili inauhitaji utambuzi huo. Lakini jedwali halina mwalimu wala mwanafunzi. Mganga aliyetoa maarifa amebaki kuwa nambari kwenye dodoso.

Bibi yangu mzaa mama alitibu watoto pale Bonga. Alifundishwa na shangazi yake, na masomo yalikuwa na mpangilio. Kwanza alitumwa kuchimba mizizi bila kuambiwa inatibu nini, hata kiangazi, mti ukiwa hauna jani la kuutambulisha. Kisha akafundishwa kipimo. Jina la ugonjwa lilikuja baadaye. Somo la mwisho lilikuwa la kukataa: mgonjwa gani asipewe dawa hiyo, na lini amwambie mama ambebe mtoto ampeleke hospitali. Yote hayo yalisemwa kwa Kigorowa. Jedwali zima linaingia katika masomo matatu ya mwanzo, na lile la kukataa halina safu yake.

Watu husema siri za waganga ni choyo. Choyo kipo. Ila siri ilikuwa pia mtihani: anayechoka kuchimba kiangazi hajawa tayari kushika uhai wa mtoto wa mwenzake. Tatizo ni kwamba mtihani huo unahitaji mtahiniwa. Wajukuu wakishakwenda Arusha na Dar es Salaam, siri iliyokuwa ikilinda dawa ndiyo inayoizika.

Hapo ndipo Scheid hatufikishi mbali. Kitabu chake kimesimama juu ya karatasi, kwa kuwa matabibu wa Menghe waliandika vitabu na kumbukumbu za wagonjwa wao. Tena nasaba za Kichina kwa kawaida hufuata wanaume. Kwa kipimo hicho bibi yangu na shangazi yake wasingeandikwa kabisa. Sheria yetu ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 iliunda Baraza la kusajili waganga, na hiyo ni hatua. Hata hivyo usajili humtambua mganga mmoja mmoja, wakati elimu ya ukoo hukaa kati ya watu wawili, anayetoa na anayepokea.

Sidai kila ukoo wa Bonga ufungue chuo kama Ding Ganren. Ninachowadai watafiti wenzangu, tunaofundishwa kupanga majedwali hayo, ni kidogo zaidi. Kabla ya kuuliza mmea unatibu nini, tuulize: nani alikufundisha, kwa muda gani, alikukataza nini, na wewe unamfundisha nani? Mganga akijibu swali la mwisho kwa kunyamaza, ukimya huo uandikwe. Huenda ndiyo habari kubwa kuliko zote tulizorudi nazo.