Mnyama Mla Watu katika Sinema na katika Hadithi

Ni jambo la kustaajabisha kwamba picha za sinema zihusuzo wanyama walao watu hupendwa hata na watu wasiohitaji kufunzwa hofu hiyo. Katika mkoa wa Mara, mvuvi wa Musoma amjua mamba na kiboko wa ziwani; mkulima wa Bunda aliyepakana na Hifadhi ya Serengeti amjua ndovu ajaye usiku shambani; na mfugaji wa Butiama amjua fisi. Hata hivyo watu kama hawa hulipa kiingilio katika banda la video ili wamtazame simba wa uongo. Jibu la haraka ni kwamba mwanadamu hupenda kuogopa akiwa salama. Jibu hilo ni kweli, lakini halitoshi, maana halielezi kwa nini picha moja hukumbukwa na nyingine husahauliwa mara moja.

Mnyama wa kweli huua, akaenda zake. Picha humpa mtazamaji vitu viwili ambavyo kifo cha mtoni hakimpi: mwisho na sababu. Mwisho ni rahisi; risasi moja yatosha. Sababu ndiyo kazi ya msanii, na kwa kipimo hicho yafaa picha hizi zipimwe.

Mfano wa karibu ni The Ghost and the Darkness, picha ya mwaka 1996 iliyoongozwa na Stephen Hopkins. Yasimulia habari za simba wawili wa Tsavo ambao mwaka 1898 waliwaua wajenzi wa reli ya Uganda, Wahindi na Waafrika, hata ujenzi wa daraja ukasimama. J. H. Patterson, msimamizi wa daraja hilo, aliwaua simba wote wawili Desemba ya mwaka huohuo. Sifa za picha hii hazina budi kutajwa: ngurumo zake hutisha kuliko meno, na ufundi wa sauti uliipatia tuzo ya Oscar, tena msimulizi wake ni Mwafrika, Samuel, achezwaye na John Kani.

Dosari yake ni katika sababu. Picha yadai kwamba simba hawa waliua kwa starehe tu. Wataalamu waliochunguza mabaki yao, yaliyohifadhiwa katika jumba la makumbusho la Chicago, walimkuta mmoja na jino lililovunjika na ugonjwa wa taya. Tena katika miaka ya 1890 sotoka ilikuwa imefagia ng'ombe na nyati wa Afrika Mashariki, na reli nayo ikakusanya maelfu ya watu katika mahema, nyikani. Mambo haya yote yameachwa. Hata wanaoliwa, wengi wao ni kundi lisilo majina, ilhali Remington, mwindaji hodari wa picha hiyo, ni mtu wa kubuniwa. Patterson alitaja watu 135. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2009 ulikadiria 35 hivi. Idadi imepungua, lakini majina hayajaongezeka.

Hadithi ya Sultani Majinuni, iliyokusanywa Unguja na kuchapishwa na Edward Steere mwaka 1870, yaifanya kazi hii vizuri zaidi. Paka wa sultani alianza kwa kula mifugo. Raia walipolalamika, sultani alijibu kwamba paka ni wake na mali iliyoliwa ni yake. Paka akakua, akala watu, akawa Nunda. Na sultani hakusadiki mpaka walipouawa wanawe. Hapo msikilizaji ajua hofu ilianzia wapi: ilianzia barazani, siku malalamiko yalipokataliwa. Muundo huo waonekana hata katika Jaws, picha ya Steven Spielberg ya mwaka 1975, ambamo meya akataa kufunga ufuko wakati wa biashara, na papa aendelea kula watu. Hapana shaka hii ndiyo siri moja ya kudumu kwake.

Lugha nayo ina sehemu yake. Kiingereza aghalabu humtaja mnyama kwa kiwakilishi kilekile cha jiwe, hata watunzi wakalazimika kuwapa simba majina ya mzuka na giza ili wawe watendaji. Kiswahili humweka mnyama katika ngeli ya watu: "mtu amekuja", "simba amekuja". Wasimulizi wa video, mathalani Derek Mukandala aliyejulikana kwa jina la Lufufu, walipozieleza picha za kigeni kwa Kiswahili, sarufi yenyewe ilimfanya mnyama kuwa mhusika kamili. Na mhusika huulizwa sababu ya tendo lake.

Swali la Nunda si geni katika Mara. Mwana wa Butiama, Julius Nyerere, alitoa huko Arusha Septemba 1961 tamko la kuahidi kuwatunza wanyamapori. Hili si Azimio la 1967. Kwa ahadi hiyo wanyama wakawa amana ya serikali, na mwenye mnyama hana budi kusikiliza malalamiko. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka malipo ambayo watu huyaita kifuta jasho, kwa mazao yaliyoharibiwa, na kifuta machozi, kwa mtu aliyejeruhiwa au kuuawa. Majina hayo hayadai kulipa thamani ya mtu. Yakiri tu kwamba kuna aliyelia, na kwamba yuko apaswaye kumwendea.

Katika The Ghost and the Darkness simba wa pili akiisha kufa, habari imekwisha. Katika Bunda ndovu hurudi, na mkulima hubaki palepale. Mtunzi atakayeandika picha ya huko hataweza kuimaliza kwa risasi. Itambidi afike kwa mjane wa mvuvi, alitaje jina la marehemu, kisha aonyeshe ni nani aliyesikiliza na ni nani aliyejibu kama Sultani Majinuni. Picha ya namna hiyo itatisha, na watu wa Mara wataitambua.