Sanaa ya Kuinamisha Mwaridi

Watu wa pwani yetu hulijua waridi kwa pua kabla ya kulijua kwa macho. Wamelikuta ndani ya mrashi, maji yake yakinyunyizwa juu ya viganja vya wageni siku ya maulidi na siku ya arusi. Wamelikuta ndani ya kikuba, limechanganywa na asumini, mrehani na mkadi. Na waliojaliwa kusafiri hadi Omani wameona, juu ya Jabal Akhdar, matuta ya mashamba yaliyochongwa ubavuni mwa mlima, ambamo maua hayo huchumwa alfajiri wakati wa machipuko, yakapikwa mpaka yakatoa maji yake ya thamani. Katika habari zote hizo waridi ni kitu kilichokwisha kutengwa na mti wake, na mti wenyewe, uliobaki shambani na miiba yake, aghalabu hausifiwi na mtu.

Iko jamii nyingine ya miwaridi, ambayo nataka kuisifu hapa, na pamoja nayo kumsifu mtu aishughulikiaye. Maana sidhani kuwa upo mmea katika bustani za nchi za baridi ambao uzuri wake ni kazi ya mikono ya mtunzaji kwa kadiri ya huu. Miwaridi hii hutambaa. Haina shina la kujisimamia, haina vikono vya kujizongea kama mzabibu, wala haina mizizi ya kung'ang'ania jiwe. Silaha yake ya pekee ni miiba iliyopinda kuelekea chini, ambayo kwayo hujishika katika matawi ya mti jirani, ikaukwea, ikajitandaza juu yake kutafuta jua. Kila mwaka hutoa kutoka tako lake machipukizi mapya, membamba, mepesi kupindika, ambayo huweza kurefuka mita kadhaa katika msimu mmoja. Porini, basi, miwaridi hii hupata mti wa kuegemea na haina haja na mtu. Bustanini hupewa ukuta, ua na tao, vitu ambavyo havishikiki kwa mwiba, na hapo ndipo mtu alipo wa lazima.

Asili ya mingi katika hiyo ni mashariki ya Asia. Kutoka Japani na nchi zilizo jirani nayo ulitoka mwaridi mmoja utambaao chini kabisa ardhini, wenye majani yanayong'aa na maua meupe, ambao wanazuoni wa mimea waliuita Rosa wichurana kwa heshima ya Max Wichura, Mjerumani aliyezuru nchi hiyo katika karne ya 19. Na kutoka pande hizo hizo ukaja mwingine wenye vichala vya maua madogo madogo, Rosa multiflora. Nasi watu wa Afrika hatukukosa fungu letu, kwani katika milima ya Habeshi huota Rosa abyssinica, mwaridi wa pekee ulio mwenyeji wa bara hili kusini ya Sahara, mweupe, wenye harufu nzuri na matunda yaliwayo, na ambao wajuzi huuhesabu katika ukoo mmoja na hiyo miwili ya Asia. Wa kwetu haukupata wachumba wengi. Ile ya Asia, kuanzia mwisho wa karne ya 19, iliozeshwa kwa miwaridi ya nyumbani yenye maua makubwa, na kizazi chake kikaenea kila mahali: katika mji wa Orléans, Ufaransa, jamaa wa ukoo wa Barbier walitoa Albéric Barbier mwaka 1900 na Albertine mwaka 1921, na huko Marekani kampuni ya Jackson & Perkins ikatoa Dorothy Perkins mwaka 1901. Mkongwe kuliko hiyo yote, na wenye jina ninalolionea taadhima zaidi, ni Félicité et Perpétue, uliooteshwa katika miaka ya 1820 na Antoine Jacques, mtunza bustani wa yule mkuu wa ukoo wa Orléans ambaye baadaye alikuwa Mfalme Louis-Philippe. Na majina hayo mawili ni ya mashahidi wa kike waliouawa Carthage, katika Afrika ya Kaskazini, mwaka 203.

Lakini nasaba si sanaa. Sanaa yenyewe imejengwa juu ya tabia moja ya mmea, nayo ni hii: chipukizi likiachwa lisimame wima, jicho la kileleni ndilo litawalalo, kwa maana hushusha katika shina kichocheo, ambacho wanasayansi hukiita oksini, kinachoyazuia macho yote yaliyo chini yake yasiamke. Matokeo ni ule msiba uonekanao katika kuta nyingi, ambapo mashina matupu yamepanda moja kwa moja hadi kwenye mapaa, na maua yote yamekusanyika huko juu, yakifurahiwa na ndege na majirani wa ghorofani, hali mwenye nyumba, aliyenunua mche na kuumwagilia, huona miiba tu dirishani mwake. Chipukizi hilo hilo likiinamishwa mpaka likalala, au likakaribia kulala, utawala wa kilele hudhoofika, na macho yaliyokuwa yamelala huamka moja baada ya jingine kwa urefu wote wa shina, kila moja likatoa kitawi kifupi, na kila kitawi kikabeba kichala chake. Hakuna mbolea iliyoongezwa, wala maji, wala dawa. Mtu ameinamisha tu, na mahali palipokuwa na shada moja pamekuwa na ukuta mzima wa maua.

Kuinamisha nako kuna wakati wake na adabu yake. Chipukizi la mwaka huu, maadamu bado bichi, hukubali kupindwa. Likikwisha kuwa gumu huvunjika, na aghalabu huvunjika pale pale tako lilipo, hata hasara ikawa ya shina zima wala si ya ncha. Kwa hiyo mjuzi hamalizi kazi yake kwa siku moja. Huanzia karibu na ardhi, mikono yake miwili ikiwa mbali mbali ili uzito wa kupinda ugawanyike, akalilaza kidogo, akalifunga, akasogea mbele kidogo, akalifunga tena. Na likionyesha ukaidi huliacha pale lilipofika, akarudi baada ya siku chache kulishusha zaidi. Uzi wake ni laini, na fundo lake lina umbo la nambari 8, tundu moja likishika waya na jingine likishika shina, ili viwili hivyo visisuguane. Wala hakazi, kwani shina litanenepa na uzi hautanenepa. Jambo moja halifanyi kamwe, ingawa ndilo jambo jepesi kuliko yote na ndilo lifanywalo na wengi: hapenyezi shina nyuma ya waya au kati ya fito za uzio. Hulifunga mbele daima. Shina lililopenyezwa leo likiwa na unene wa kalamu, miaka michache baadaye litaing'oa misumari ukutani, na siku litakapotakiwa kuondolewa halitaondoka ila kwa msumeno.

Nimetaja waya, na ukuta uliotayarishwa vizuri ni nusu ya kazi. Waya wa kwanza huwekwa kiasi cha dhiraa moja kutoka ardhini, yaani sentimita 45 hivi, na nyingine hufuata juu yake kwa nafasi kama hiyo au pungufu kidogo, zote zimelala, zote zimekazwa, na zote zimetengwa na ukuta kwa nafasi ya vidole vinne, zikipitishwa katika misumari yenye tundu kichwani. Nafasi hiyo ndogo wengi huidharau. Kumbe ni njia ya hewa, na mwaridi uliobanwa juu ya ukuta mkavu usiopitisha upepo hushikwa na ukungu mweupe, majani yake yakakunjamana kama yaliyonyunyiziwa unga. Dorothy Perkins, uliopendwa ulimwenguni kupita miwaridi yote ya zama zake, ni mgonjwa mashuhuri wa maradhi hayo, na mahali pake hasa ni uzioni, kwenye upepo, wala si ukutani. Mche nao haupandwi chini ya ukuta wenyewe, bali hutengwa nao kwa dhiraa moja, kwa kuwa mapaa huzuia mvua na msingi hunywa unyevu. Mizizi huelekezwa nje, kwenye udongo wenye maji na samadi, na shina huegemezwa ndani.

Juu ya uzio sina mengi ya kusema: ni ukuta mfupi wenye hewa nzuri, na mashina hulazwa kulia na kushoto hata mtoto angeweza. Tao ni jambo jingine. Hapo hakuna nafasi ya kulaza, basi mashina huzungushwa nguzo kwa mzunguko wa taratibu, hata njia yao ya kupanda ikawa ndefu na ya mshazari, na macho yaamke tangu chini; anayeyapandisha wima kila upande wa tao hupata kilemba cha maua juu ya miguu mitupu. Walioipenda kazi hii wameiendeleza mpaka ikawa ujenzi. Katika kijiji cha Giverny, mchoraji Claude Monet, aliyekaa huko tangu 1883 hadi alipofariki 1926, alisimamisha safu ya matao ya chuma juu ya njia itokayo mbele ya nyumba yake, yakafunikwa kwa miwaridi; na kusini ya Paris, Jules Gravereaux alianzisha bustani ya miwaridi mitupu, iliyochorwa na Édouard André mwaka 1899, ambamo Alexandre Girault, mwingine wa miwaridi ya Barbier, umetandazwa juu ya kimiani kikubwa cha mbao. Kijiji cha bustani hiyo, kilichokuwa kikiitwa L'Haÿ, sasa huitwa L'Haÿ-les-Roses. Si bustani nyingi duniani zilizobadilisha jina la mji.

Sehemu ya kazi inayotaka moyo mgumu huja baada ya maua. Mwaridi wa kutambaa huchanua juu ya mashina yaliyoota mwaka uliopita, na kwa sababu hiyo kupogoa kwake ni mwisho wa kiangazi, mara maua yakwishapo, ambapo mtunzaji huyaendea mashina yale yale yaliyomfurahisha mwezi uliotangulia, akayakata hadi chini kabisa, na kuyalaza machipukizi mapya mahali pao. Kwa aina kama Dorothy Perkins huyakata yote yaliyochanua. Kwa mikubwa zaidi huondoa thuluthi moja, iliyo kongwe kuliko nyingine, na kuyafupisha matawi madogo ya yaliyobaki. Hayavuti yakiwa mazima, kwani miiba itararua kila kilicho jirani, bali huyakata vipande vipande na kuvitoa kimoja kimoja. Asiyejua husubiri baridi, kama afanyavyo kwa miwaridi mingine, akapogoa kila alionalo refu na jepesi, na hapo huwa amekata kwa makasi yake mwenyewe maua yote ya mwaka ujao. Kisha huandika barua kulalamika kwa aliyemwuzia mche.

Wako wanaoukataa mwaridi huu kwa hoja moja, kwamba huchanua mara moja tu kwa mwaka, majuma matatu au manne katika Juni na Julai, kisha huwa majani matupu. Hoja hii sijapata kuiheshimu. Hatujamsikia mtu wa Tanga au Lamu akikata mwembe kwa sababu hauzai kila mwezi. Husubiri msimu, na msimu ukifika hula embe asubuhi na jioni. Miwaridi ichanuayo majira yote hutoa maua yake kwa kuyahesabu, mawili leo na matatu kesho, lakini huu hutoa yote uliyoyaweka kwa miezi kumi na moja, hata jani halionekani, na mtu apitaye njiani husimama. Nakubali kuwa si yote yanayosimamisha watu yastahili kusimamiwa: American Pillar, wa Walter Van Fleet, una wekundu mkali wenye kitovu cheupe ambao hupiga kelele juu ya ukuta wa matofali, nami ningeuacha kwenye ua wa mbali.

Lipo pia suala la kiasi, na hapa wapenzi wengi wa bustani hupotea. Katika mji wa Tombstone, Arizona, upo mwaridi mweupe wa aina ya Lady Banks uliopandwa mwaka 1885, ambao leo umetandazwa juu ya fito na nguzo na kufunika zaidi ya mita za mraba 700, watu wakikaa chini yake kivulini. Katika Gloucestershire, Uingereza, Heather Muir alipanda mwaka 1938 mwaridi ambao baadaye ulipewa jina la nyumba yake, Kiftsgate, nao umeupanda mti uliokuwa karibu nao hata ukapita mita 15. Hiyo ni miwaridi ya kutazamwa kwa wengine.

Basi msomaji aliyejaliwa ukuta katika nchi ya baridi, na ndugu zetu wengi sasa wanaishi huko, aupime kabla ya kununua mche, na asidanganywe na picha ya Kiftsgate. Kwa ukuta usiopata jua la kutosha aombe Albéric Barbier, ambao huvumilia kivuli na majani yake hukaa karibu mwaka mzima. Kwa uzio ulio wazi wenye jua aombe Albertine, na avae glavu nene, kwani miiba yake haina huruma. Miche isiyo na udongo mizizini huuzwa na kupandwa kuanzia Novemba hadi Machi, na waya zikazwe ukutani kabla mche haujafika.