Picha za Usiku Zisizo na Usiku

Fungua albamu yoyote ya harusi au kipaimara hapa Rubya, au pitisha kidole kwenye simu ya kijana yeyote wa Muleba, utakutana na picha ileile. Watu watano wamesimama, nyuso zimeng'aa kama zimepakwa unga, macho mekundu kama ya paka aliyefumaniwa jikoni, na nyuma yao kaniki tupu. Hakuna mgomba, hakuna nyumba, hakuna moto. Muulize mwenye picha ilipigwa wapi, atakwambia, "Kwa shangazi, usiku." Kwa shangazi sawa, lakini huo usiku uko wapi?

Hoja yangu ni kwamba picha zetu nyingi za usiku zimeufukuza usiku. Na msiniambie kosa ni la kamera ndogo. Udhaifu inao, tukubali. Kipande kinachopokea mwanga ndani ya kamera nyingi za dijitali za mfukoni hakifiki milimita 7 kwa 5, wakati fremu ya filamu ya kawaida ilikuwa milimita 36 kwa 24. Ukikinga mvua kwa kikombe hutegemei maji ya pipa. Ndiyo maana ukipandisha ISO hadi 1600, picha inajaa chenga. Kamera nayo, ikiachiwa ijiamulie, ikiona giza inawasha flashi. Flashi ile haina nguvu zaidi ya mita 3 au 4, na mwanga wake ukienda umbali mara mbili, inabaki robo tu. Basi shangazi aliye mbele anaungua, na mgomba ulio nyuma yake haupati kitu. Yule mshkaji anayepiga flashi jukwaa la muziki akiwa nyuma kabisa ya umati, anachomulika ni visogo vya watu.

Lakini kabla hatujailaani flashi, tumtazame Malick Sidibé wa Mali, aliyefariki mwaka 2016. Huyu bwana alizunguka kwenye dansi za vijana wa Bamako na flashi yake, na mwaka 2007 akapewa Simba wa Dhahabu kule Venice, Mwafrika wa kwanza kupata tuzo hiyo. Picha yake ya mkesha wa Krismasi wa 1963, kijana wa suti nyeupe akicheza na binti aliye pekupeku, vichwa vyao karibu vigusane, ni ya flashi. Kwa nini haijafa kama zetu? Kwa sababu alisogea. Alikuwa ndani ya dansi, karibu na miguu yao, na hakumwambia mtu asimame wima kama anapigwa picha ya kitambulisho. Somo hilo ni la bure: kama unatumia flashi, achana na zumu, tembea kwa miguu.

Upande wa pili yupo Brassaï, aliyepiga mitaa ya Paris usiku mwanzoni mwa miaka ya 1930. Yeye aliweka kamera kwenye miguu mitatu, akaacha lenzi wazi, akapima muda kwa kuvuta sigara. Sisi hatuhitaji sigara, kamera inahesabu yenyewe. Zima flashi. Weka kamera juu ya kigoda, ukuta, au gunia la maharage. Shusha ISO hadi 100 au 200. Washa taima ya sekunde 2, ili kidole chako kisiitikise kamera, kisha iache ivute mwanga sekunde 2, 4 au 8. Ikiwa rangi ya moto wa kuni inatoka imepauka, acha mpangilio wa rangi kwenye alama ya jua. Na ukitaka mtu pamoja na mandhari yake, tafuta ile alama ya mtu na nyota au mwezi: flashi inammulika mtu, halafu lenzi inabaki wazi kidogo ili nyumba na migomba vijitokeze. Mwambie tu asiondoke flashi ikishazima.

Hapo nina ugomvi na vitabu vya ugenini. Vinatuambia tusubiri ile saa ya rangi ya buluu baada ya jua kuzama, kana kwamba tuna muda wa kunywa chai kwanza. Sisi tuko chini kidogo tu ya ikweta. Jua linazama karibu na saa moja jioni, na dakika 20 hivi baadaye mchezo unakaribia kwisha. Anayefuata kitabu cha Ulaya neno kwa neno atafungua begi lake gizani.

Na kwetu kuna nini cha kupiga usiku? Jamani! Msimu wa senene, Novemba, taa kali zinawaka Bukoba na mabati yamesimamishwa, senene wanashuka kama mvua. Kwa flashi utapata vidoti vyeupe. Ukiacha lenzi wazi robo sekunde utapata nyuzi za mwanga na mtu aliyeinama katikati yake. Shuka ziwani usiku usio na mwezi, ndiyo usiku wa dagaa: taa za mitumbwi zinapanga mji juu ya maji. Miaka mingi zilikuwa karabai zenye mwanga wa manjano. Siku hizi taa za sola nyeupe zinachukua nafasi yake. Rangi ile ya ziwa inaondoka, na kama tuliokuwapo tutaacha picha za kaniki tu, wajukuu wataamini kwamba tuliishi shimoni.

Nawaambia hili ninyi mnaoandika kwa sababu hadithi zetu zina ugonjwa uleule. "Ulikuwa usiku wa manane, giza totoro," mwandishi anaanza, halafu mstari wa pili anatuonyesha rangi ya vifungo vya shati la mwizi. Kaonaje? Kapiga flashi! Usiku wa kweli mtu anasikia mlango kwanza, ananusa moshi, anaona nusu ya uso kwenye mwanga wa kibatari. Ile nusu nyingine ndiyo inayomfanya msomaji afungue ukurasa wa pili.

Basi kila mwenye kamera, hata ile ya mtumba yenye mkwaruzo kwenye kioo, ajaribu usiku mmoja bila flashi, achukue picha 20 za jambo moja na afute 19. Msimu wa senene hauko mbali. Mimi nitazisubiri hizo nyuzi.