Kikalio cha Sensa

Kuifunga sensa kwenyewe hakukuchukua hata dakika moja. Kusafisha mahali itakapokaa ndiko kulikomaliza asubuhi. Nilikaa juu ya kreti la plastiki, koti mwilini, nikimtazama Dada akikwangua eneo la alumini lisilozidi ukucha wa kidole gumba. Hakutumia bisibisi wala msasa. Alitumia kijiti cha mti alichokichonga mwenyewe, ncha yake bapa kama ya kalamu ya hati za kale, na kila baada ya mikwaruzo michache alipangusa kwa kitambaa chenye spiriti, akainua kile kipande dirishani, akakitazama.

“Alumini laini hii, mdogo wangu,” alisema bila kugeuka. “Ukiiparuza kwa chuma umeichimbia makorongo. Halafu sensa ikae wapi?”

Ilikuwa Novemba, katika karakana moja bondeni mwa mto Neckar, si mbali na mji wa Esslingen, kusini mwa Ujerumani. Dada ni mzaliwa wa Tanga. Ujerumani alikuja kwa mambo mengine kabisa, akasomea ufundi wa magari akiwa mtu mzima, na sasa kazi yake msimu wa baridi ni moja tu: hita za malori. Amefika mahali pake hasa. Hapohapo Esslingen ndipo Jakob Eberspächer alipofungua karakana yake ya kazi za bati mwaka 1865, na ndipo Wilhelm Baier alipoanzisha yake mwaka 1901, kabla ya kuhamia kijiji cha Stockdorf karibu na München. Vipande vya jina lake na vya jina la kijiji hicho ndivyo vilivyounganishwa vikawa Webasto. Kampuni mbili zinazojulikana mno duniani kwa hita za magari zimetoka mji mmoja usio mkubwa, na ukivuka daraja la Neckar alfajiri ya baridi unaona kwa nini watu wa huku waliwaza joto mapema.

Dereva wa lori Ulaya hulala ndani ya lori lake. Sheria ya Umoja wa Ulaya humtaka apumzike saa 11 kwa siku kwa kawaida, na sheria ya barabarani ya Ujerumani inakataza kuacha injini ikinguruma bila sababu. Hata isingekataza, injini kubwa ikiwa imesimama hunywa lita mbili au zaidi kwa saa ili kumpasha joto mtu mmoja kitandani. Hita ndogo ya kilowati mbili hivi hufanya kazi hiyohiyo kwa robo lita ya dizeli kwa saa ikichapa kazi kwa nguvu zote, na kwa desilita moja tu ikiwa imetulia.

Ndani yake ni tanuri. Pampu ndogo hudondosha dizeli kwa vipimo, tik, tik, tik, mdundo ambao kila dereva wa huku anaujua hata usingizini. Plagi ya kuwashia inawaka nyekundu, mafuta yanashika moto ndani ya kikombe kirefu cha alumini ya kuyeyushwa, na moshi unatoka kwa bomba lake chini ya lori. Kikombe hicho ndicho kibadilisha joto. Upande wa ndani kina moto na moshi, upande wa nje kina mbavu nyingi nyembamba, na feni inapuliza hewa safi kati ya mbavu hizo kuelekea kitandani kwa dereva. Moto na pumzi ya mtu vinatenganishwa na ukuta mwembamba wa alumini, havichanganyiki. Ndiyo maana kwa hita za hewa kanuni za Ujerumani zimeweka kikomo: kibadilisha joto kikitimiza miaka 10 hutolewa, hata kikionekana kizima. Kitu cha kwanza alichofanya Dada asubuhi ile kilikuwa kusoma tarehe kwenye kibati kilichopachikwa juu yake. Kilikuwa na miaka sita.

Juu ya ukuta huo, kati ya mbavu, ndipo sensa inapokaa. Katika hita aliyokuwa akiishughulikia sensa zilikuwa mbili ndani ya ganda moja. Ya kwanza huuliza kama moto umewaka, ya pili huuliza kama joto limepita kiasi. Kompyuta ya hita haina macho. Haiuoni moto. Inachojua ni kwamba alumini inazidi kupata joto au haizidi. Katika baadhi ya hita, zikipita sekunde 90 hivi tangu dizeli ianze kuingia na sensa haijaleta habari ya joto, kompyuta inakata mafuta na kujaribu upya, na jaribio la pili likishindikana inajizima.

Lori ilikotoka hita hii lilikuja na shida hiyo. Hita inawaka, dereva anasikia moto ukivuma, anaanza kuona raha, kisha inazimika. Inawaka tena, inazimika tena. Moto ulikuwepo na kompyuta haikuusadiki, kwa kuwa sensa ilikuwa imekalia punje za vumbi na kutu nyeupe ya alumini. Mtu aliyeifungua kabla ya Dada aliirudisha bila kusafisha. Hakuna kilichovunjika, hakuna waya uliokatika. Kulikuwa na unene wa karatasi tu kati ya sensa na alumini.

Unene wa karatasi! Nilimwuliza kama kweli hicho ni kitu cha kuzima hita nzima. Akaweka kijiti chini, akanieleza jambo ambalo tangu siku ile nimekuwa nikilifikiria kila ninapoona kifaa chochote cha kupima.

Sensa haijui joto la kitu chochote isipokuwa joto lake yenyewe. Haipimi alumini, wala moto, wala hewa. Inajipima. Kazi yote ya fundi ni kuhakikisha kwamba joto la sensa na joto la alumini ni joto moja, na kwa wakati mmoja. Sasa chukua vyuma viwili vilivyosawazishwa, uvikalishe kimoja juu ya kingine. Macho yatakuambia vimegusana. Ukivitazama kwa hadubini ni kama mtu aliyeipindua milima ya Usambara akailaza juu ya milima ya Upare: vilele vichache vimekutana, na kwingine kote ni mabonde matupu. Mabonde hayo yamejaa hewa, na alumini hupitisha joto mara elfu kadhaa zaidi kuliko hewa. Kwa hiyo joto linapenya kwenye vilele tu. Ongeza punje moja ya vumbi chini ya ukingo, vilele vyenyewe vinaachana, na sensa inabaki ikipulizwa na feni ileile inayopoza mbavu. Itapata joto, lakini pungufu, na kwa kuchelewa. Na sensa inayochelewa kusema moto umewaka itachelewa vilevile kusema joto limezidi. Hilo la pili ndilo lililomfanya Dada awe mkali kuhusu kijiti chake.

Nikadhani dawa ni kupaka ile grisi nyeupe ya kupitishia joto, mafundi wa kompyuta wanaijua. Akatikisa kichwa. Grisi hiyo husaidia, kwa kuwa inajaza mabonde na inapitisha joto mara makumi zaidi kuliko hewa. Lakini yenyewe ni hafifu mno mbele ya alumini, kwa hiyo inatakiwa tabaka jembamba kabisa, la kufuta rangi tu, na wengi huipaka kama siagi ya mkate. Tena nyingi za aina ya silikoni huanza kuharibika zikipita nyuzi 200, na pale karibu na moto zingekauka zikawa unga, yaani uchafu uleule uliotolewa. Hita hii sensa yake hukaa kavu. Alumini safi, chuma safi, na springi ya kuikandamiza.

Akaleta kichupa cha wino wa buluu, ule mzito wa mafundi wa kusawazisha vyuma. Akachovya ncha ya kidole, akapaka utando juu ya uso wa sensa, mwembamba hata chuma kilionekana chini yake. Akaikalisha sensa kwenye kikalio chake, akaibana kwa springi, akaitoa palepale. Alumini ilikuwa na alama ya buluu upande mmoja tu, kama mwezi mchanga.

“Unaona? Imekaa upande.”

Mimi nilikuwa nimeridhika na usafi ule tangu saa nzima iliyopita. Dada alianza upya. Alipangusa wino, akaweka ukingo wa rula ya chuma juu ya kikalio, akakiinua kwenye mwanga wa taa kuona kama kuna mwanga unaopenya chini ya rula. Haukupenya. Kikalio kilikuwa sawa. Akageukia springi, akaitazama kwa ubavu: mguu mmoja ulikuwa umepinda kidogo sana, pengine siku ile ile alipoifungua huyo wa kwanza. Hakuikunja kuirudisha. Springi iliyokunjwa kwa koleo imepoteza mkazo wake, alisema, na joto litamaliza kilichobaki. Akatoa mpya kwenye bahasha, akarudia wino. Safari hii alama ilijaa, duara zima, buluu ya kipimo kimoja kila mahali. Alitabasamu kwa mara ya kwanza asubuhi ile.

Kwa nini springi, na si skrubu au gundi ambayo ingeshika kwa nguvu zaidi? Alumini ikipata joto hutanuka karibu mara mbili ya chuma cha kawaida. Tuseme kipande cha milimita 20, kikipanda nyuzi 200: alumini imerefuka karibu sehemu moja ya kumi ya milimita, chuma cha kawaida nusu ya hapo. Tofauti hiyo ni nusu ya unywele, lakini inakuja na kuondoka kila hita inapowaka na kuzimwa, msimu hadi msimu. Gundi inapasuka. Skrubu iliyokazwa kwa nguvu inakula nyuzi za alumini au inaikamua sensa. Springi inafuata, alumini ikivimba inarudi nyuma, ikinywea inasogea mbele, na mkandamizo unabaki uleule.

Na sensa haitaki kukamuliwa. Mwingereza Hugh Callendar, mwaka 1887, ndiye aliyeonyesha kwamba waya wa platini unaweza kuaminiwa kupima joto kwa ukinzani wake wa umeme, ilimradi uwe safi na usivutwe wala kubanwa na kile kilichoushika. Siku hizi platini hiyo ni utando juu ya kauri ndogo kuliko punje ya mchele, lakini sharti halijabadilika. Platini ya sensa ile ilitengenezwa iwe na ukinzani wa omu 1,000 kwenye nyuzi sifuri, na omu 1,385 kwenye nyuzi 100. Kila uzi mmoja wa joto ni karibu omu nne. Kwa hiyo omu moja ya ziada kwenye plagi yenye kutu inakosesha robo ya uzi tu, na ndiyo sababu aina hii inafaa magari, ambako plagi hazibaki mpya.

Kabla ya kufunga, Dada alichomeka mita kwenye ncha za waya. Ikasoma 1,070. “Nyuzi 18,” akasema, na kipimajoto cha ukutani kilikuwa kwenye 18. Akaipulizia sensa pumzi, namba zikapanda. Alisubiri zishuke, zirudi 1,070 kamili, kisha ndipo akaiweka mahali pake, springi ikalia ta, basi.

Kilichobaki kilikuwa waya, na hapo tena alichukua muda wake. Alikunja kitanzi cha upana wa kidole kabla ya waya kuingia kwenye kibanio, ili mtikisiko wa barabara uishie kwenye kitanzi na usiivute sensa. Alihakikisha waya haugusi ubavu wowote, akapitisha kidole kwenye ukingo wa ganda la nje mahali litakapofunika, akauhisi ukali wake, akasogeza waya milimita chache.

Tukinywa chai alinisimulia hita za aina nyingine, zinazopasha maji ya injini. Huko sensa mara nyingi ni mbili mahali tofauti, moja inayofuata maji yanayotoka, nyingine ya kulinda kibadilisha joto chenyewe. Maji yakipungua na povu la hewa likajikusanya juu, ile ya maji inaweza kuwa imezungukwa na hewa na kusema kila kitu ni salama, huku chuma kikiungua. Kompyuta hulinganisha kauli za hizo mbili, na tofauti ikiwa kubwa mno inazima moto. “Lakini zote mbili ziwe zimekaa vizuri,” alisema, “la sivyo inalinganisha upuuzi na upuuzi.”

Mchana hita ilirudi chini ya kitanda cha dereva. Dada aliunganisha kompyuta yake, akawasha. Plagi, feni, kisha tik, tik, tik. Kwenye skrini mstari wa sensa ya moto ulilala kwa muda, ukainuka, ukapanda bila kusita mahali popote, laini kama mgongo wa jahazi. Dereva alipanda akaweka viganja mbele ya tundu la hewa. Dada aliiacha iwake nusu saa, akaizima. Feni iliendelea kupuliza, kwa kuwa alumini yenye moto haizimwi kwa kukatiwa umeme, ingeiunguza sensa yenyewe na nyaya zake. Dereva alikuwa ameshachukua funguo na alitaka kuondoka. Dada alimwashiria asubiri. Akasimama mlangoni, mkono juu ya ngazi ya lori, akisikiliza, dakika nne hivi, mpaka feni ilipotulia yenyewe.