Uzito wa Herufi A

Kila mwenye kazi ya mikono huchagua chombo chake, wala hapana amwonaye mjinga kwa kufanya hivyo. Mkulima hupima mpini wa jembe kiganjani kabla ya kutoa fedha. Seremala hapendi randa ya kuazima maadamu yake ipo. Mshonaji huitambua cherehani yake kwa mlio, hata akiwa chumba cha pili. Lakini mwandishi akisema kwamba anachagua vitufe vya kuandikia, watu humcheka. Hudhani kwamba maandishi hutoka kichwani tu, na kwamba vidole ni matarishi wasiokuwa na neno lao wenyewe. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba dhana hiyo ina upungufu. Vijana watungao programu za kompyuta, ambao siku hizi wamepatwa na mapenzi makubwa ya vitufe, wamegusa jambo lenye maana kwa lugha yetu, ingawa wao wenyewe hawajalifikisha mwisho wake.

Mimi nilifikishwa katika jambo hili na maumivu. Naishi Uyole, mahali ambapo barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Zambia hukutana na ile iendayo Tukuyu na Kyela hadi mpaka wa Malawi. Asubuhi za Juni na Julai baridi ya huku hukakamaza vidole, na kazi yangu ni kuhariri maandishi ya Kiswahili. Kidole cha mwisho cha mkono wangu wa kushoto kilianza kuuma, kikaendelea kuuma hata jua la Oktoba lilipowaka. Kijana jirani yangu, mtunga programu, alipokuja kunisalimu alinikuta nimekifunga kitambaa.

"Shikamoo, Mwalimu. Umejikata?"

"Marahaba. Sikujikata. Kimechoka kuandika."

Akaitazama kompyuta yangu, akabonyeza vitufe viwili vitatu, akasema, "Basi ugonjwa hauko kidoleni, Mwalimu, uko chini ya kidole." Kesho yake akaniletea kibodi tatu, akaziweka mezani kama mtu atandazaye mbegu.

Yafaa kwanza msomaji aelewe kilichomo ndani ya vyombo hivi. Katika kibodi nyingi za bei nafuu, chini ya vitufe vyote limelala tandiko moja la mpira lenye vijivimbe. Ili herufi iandikike, kidole hakina budi kukisukuma kijivimbe mpaka kibonyee na kugonga sakafu. Lakini katika kibodi wazipendazo vijana hawa, kila kitufe kina swichi yake. Swichi hiyo ni kijumba cha plastiki ambamo mna springi, mlingoti mdogo upandao na kushuka, na vipande viwili vya chuma vinavyogusana. Swichi iliyoenea sifa kuliko zote ni ile ya kampuni ya Cherry ya Ujerumani, iitwayo MX, iliyotokea mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mlingoti wake hushuka milimita 4, lakini herufi huandikika njiani, ukiwa umeshuka kadiri ya milimita 2. Kwa hiyo kidole kilichofundishwa vyema hakina haja ya kugonga sakafu. Hugeuka katikati ya safari na kwenda kwenye kazi nyingine.

Aina za swichi hizi ni tatu. Ya kwanza hushuka sawasawa toka juu hadi chini bila kikwazo. Tuiite swichi nyoofu. Ya pili ina kigongo kidogo njiani, na kidole hukihisi kama mguu uhisivyo ngazi gizani. Tuiite swichi ya kituo. Ya tatu ina kigongo hicho, na juu yake hupiga mlio. Tuiite swichi ya mlio. Majina haya nimeyatunga mwenyewe, kwa sababu jirani yangu hakuwa nayo. Yeye alizijua kwa rangi tu: nyekundu, kahawia na buluu.

Hapo ndipo uhakiki wangu unapoanza. Rangi haisemi lolote kwa kidole. Cherry waliipa swichi nyoofu yenye springi ya kadiri ya gramu 45 rangi nyekundu, ya kituo ya kadiri ya gramu 55 rangi ya kahawia, na ya mlio ya kadiri ya gramu 60 rangi ya buluu. Baada ya haki yao ya uvumbuzi kwisha muda, kampuni nyingine kama Gateron na Kailh zilitengeneza swichi za umbo lilo hilo, na rangi zikazidi hata zikapoteza maana. Kijana wa Uyole akisema, "Nataka ya manjano," hajasema bado kama ataka nyoofu au ya kituo, nzito au nyepesi.

Linganisha na kituo chetu cha utafiti wa kilimo. Miongoni mwa mbegu za maharage zilizotoka hapa kuna Njano Uyole, na kuna Uyole 96. Mkulima asikiapo "Njano Uyole" hupata rangi ambayo jicho litaiona na mnunuzi sokoni ataiuliza, tena hupata mahali mbegu ilikolelewa. Hata hivyo hatosheki na jina. Huuliza kama yaiva upesi, kama yastahimili ugonjwa, kama hula kuni nyingi jikoni, kama udongo wa shamba lake utaikubali. Mpenzi wa vitufe huuliza maswali machache kuliko mkulima wa maharage, na hilo ni aibu ndogo kwa watu wajionao wajuzi.

Wanapofika kwenye sauti, maneno yao hupotea kabisa. Jirani yangu aliweza kukaa saa nzima akisikiliza kibodi za watu wa ng'ambo zikipigwa mbele ya kinasa sauti. Nilipomwomba anieleze tofauti zake kwa Kiswahili, alisema tu kwamba hii ni nzuri na ile ni nzuri zaidi. Lakini Kiswahili ni lugha iliyokwisha kuainisha milio zamani. Kwetu kitu hakianguki tu: huanguka chubwi majini, huanguka pu mchangani, huanguka tapwi matopeni, kijiti huvunjika kacha, na mtu hunyamaza jii. Nikampa maneno hayo ayajaribu. Swichi ya mlio, tulikubaliana, husema kacha kwa kila herufi, na ndani ya nyumba ndogo usiku humwamsha mtoto. Swichi nyoofu ikigonga sakafu ya plastiki nene husema pu. Kijana alicheka, kisha akanyamaza, akasema kwamba sasa angeweza kuchagua bila kuitazama rangi. Ladha isiyo na maneno ya mwenyewe ni ladha ya kuazima. Mtu huipenda kwa sababu ameambiwa apende.

Lakini jambo kubwa zaidi si sauti. Ni herufi zenyewe.

Mpangilio wa vitufe tunaoutumia ulitoka Marekani, katika mashine ya taipu ya Sholes iliyoanza kuuzwa na Remington mwaka 1874. Kamati ya Lugha iliyosanifisha tahajia ya Kiswahili ilianza kazi mwaka 1930, zaidi ya miaka hamsini baadaye. Hapana wa kulaumiwa kwa hilo. Aliyetengeneza mashine hakujua kwamba ingepanda mlima hadi Mbeya. Lakini matokeo yako vidoleni mwetu. Katika Kiingereza herufi itumikayo mno ni E, yapata moja katika kila nane, nayo hupigwa na kidole cha kati, chenye nguvu. Katika Kiswahili mzigo huo umeangukia A, na A imewekwa chini ya kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, kilicho dhaifu kuliko vyote.

Msomaji na ahesabu mwenyewe. Sentensi hii ni ya kawaida, ambayo ningeweza kuikuta katika kazi ya siku yoyote: Wakulima wa Uyole wamepanda maharage baada ya mvua za kwanza. Ina herufi 51, na katika hizo A ni 17. Theluthi nzima ya kazi imebebwa na kidole kimoja. Methali isemayo haraka haraka haina baraka ina herufi 23, na A ni 11. Lakini methali hiyo nimeichagua kwa ukali wake, nami sitaki kushinda kwa hila. Sentensi ya maharage yatosha.

Basi mtu angesema dawa ni rahisi: weka springi nyepesi. Wapo watengenezaji waliokwisha kuwaza hivyo. Topre ya Japani imeuza kibodi za Realforce ambazo vitufe vya kidole cha mwisho vina uzito wa gramu 30, na vingi vya vidole vingine gramu 45. Jirani yangu alifurahi sana. Kibodi yake ni ya namna ambayo swichi huchomolewa na kuchomekwa bila kuunganishwa kwa risasi, basi akang'oa swichi ya A katika kibodi yake mwenyewe, akatia nyoofu yenye springi nyepesi kuliko zote alizokuwa nazo.

Juma lililofuata alitunga ujumbe wa kutumwa kwenye simu za kikundi cha wakulima wa viazi. Alikusudia kuandika kwamba wanunuzi wamekata bei, yaani wameipanga na kuikubali. Kidole chake kilichopumzika juu ya A kiliigusa mara mbili. Ujumbe ukatoka: Wanunuzi wamekataa bei. Wakulima wengi hawakuchimba viazi, na gari lililokuja siku ya miadi liliondoka likiwa na nusu ya mzigo. Programu ya kusahihisha maneno haikuona kosa, kwa kuwa kosa halikuwapo katika tahajia. Kata ni neno, na kataa ni neno; kufa na kufaa vivyo hivyo. Katika lugha nyingine herufi ikirudiwa kwa bahati mbaya hupiga kelele mbele ya macho. Katika Kiswahili irabu iliyorudiwa ni raia halali, hupita lango bila kuulizwa cheti.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Swichi haina ubora wa peke yake, wala hapana swichi bora kwa kila mtu. Iko ifaayo kwa lugha inayoandikwa. Kwa mwandishi wa Kiswahili, swichi ya A yapasa kuwa nyepesi ili isimwumize, lakini iwe na kituo kinachohisika wazi, ili kidole kijue kimeandika mara moja au mbili. Swichi nyoofu nyepesi mno ni hatari hapo, hata kama ni tamu kiasi gani. Vitufe vingine mtu na apende apendavyo.

Najua nitapingwa. Watasema kwamba mtunga programu haandiki Kiswahili mchana kutwa, bali mabano na alama na maneno ya Kiingereza. Ni kweli. Watasema tena kwamba Watanzania wengi huandika kwa kidole gumba juu ya kioo cha simu, mahali pasipo springi. Hiyo pia ni kweli, na tatizo la irabu iliyorudiwa limo humo vilevile, pengine kubwa zaidi. Lakini mapingamizi hayo hayaivunji hoja, yanaipanua. Kama mtu ana elimu ya kupima tofauti ya gramu 10 chini ya kidole, elimu hiyo na iitumikie sentensi ambayo mkulima ataisoma.

Na uwezo wanao. Programu huria iitwayo QMK humruhusu mwenye kibodi kubadili kazi ya kitufe chochote. Herufi Q na X hazimo katika tahajia yetu, nazo hukaa bure siku nzima nikihariri. Nilimwuliza kijana kama Q yaweza kufundishwa kuandika ng', pamoja na kialama chake, kwa pigo moja badala ya matatu. Alinitazama kwa muda. Alikuwa amebadili swichi mara sita katika mwaka mmoja, wala wazo hilo halikumjia. Jioni ile akalifanya, akaiacha Q yake ya zamani katika tabaka la pili kwa ajili ya kazi zake.

Sasa naandika kwa kibodi moja katika zile tatu, ile ya kituo, ikiwa na springi nyepesi chini ya A. Kidole hakijapona kabisa, lakini nimefungua kitambaa. Kijana naye, kabla ya kutuma ujumbe kwa wakulima, huja kwanza kunisomea kwa sauti, na kila afikapo kwenye irabu mbili huivuta kidogo, ili sote wawili tuisikie.