Mizani na Udhuru wa Bingwa

Neno mizani katika lugha yetu lina kazi nyingi. Kwa mkulima wa Matombo ni chombo anachokitazama kwa wasiwasi siku ya kuuza pilipili manga yake. Kwa mtunzi wa mashairi ni hesabu ya silabi katika mshororo. Kwa mwanamasumbwi ni hukumu ya kwanza, inayomngoja siku moja kabla ya pambano, asimamapo mbele za watu akiwa hana mwilini ila vazi la ndani. Katika makala haya tunakusudia kuizungumza mizani hii ya tatu, ingawa zile mbili hazitakaa mbali nasi. Suala lenyewe ni hili: bingwa anaposhindwa, kisha akasema kwamba kilichomwangusha ni kule kujikondesha ili aupate uzani uliotakiwa, je, tumpokelee udhuru wake au tumkatalie?

Hatukulitoa suala hili vitabuni. Jumapili ya tarehe 4 Septemba 2022 tulikuwa nyumbani Matombo, na watu walipotoka kanisani walisimama makundi makundi wakijadili habari ya usiku uliopita. Hassan Mwakinyo wa Tanga alikuwa ameshindwa na Liam Smith mjini Liverpool, katika raundi ya nne, pambano likisimamishwa baada ya Mwakinyo kupiga goti. Huyu ndiye yule ambaye tarehe 8 Septemba 2018 aliingia ulingoni Birmingham akiwa hajulikani sana, akammaliza Sam Eggington katika raundi ya pili, na nchi nzima ikamshangilia. Sasa alikuwa akieleza kwamba kifundo cha mguu kilimsaliti, na kwamba viatu alivyovaa havikuwa vyake kwa sababu mizigo yake ilipata matatizo safarini. Mzee mmoja alicheka, akasema: “Mchagua jembe si mkulima.” Watu wakacheka naye. Mwingine akaongeza methali ambayo kila mwanafunzi anaijua, kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani, na mazungumzo yakawa yamekwisha.

Lakini mpwa wetu mmoja, kijana aliyekuwa akijifunza ngumi Morogoro mjini, hakucheka. Wasomaji wanaoijua Uluguru wanajua kuwa huko mjomba si mgeni wa kupita katika maisha ya mtoto wa dada yake. Akiwa na la moyoni, kwa mjomba ndiko hulipeleka. Jioni alikuja akatuamkia, akakaa kimya kitambo, kisha akasema: “Mjomba, mimi namwamini yule. Mwaka jana na mimi sikupigwa na mtu. Nilipigwa na mizani.”

Alitueleza aliyokuwa hajamweleza hata mama yake. Alikuwa na kilo 66, akakubali pambano la kilo 61 kwa kuwa ndilo lililopatikana na malipo yalikuwa yameshatajwa. Siku nne za mwisho alikimbia saa sita mchana amevaa koti la mvua juu ya sweta. Siku mbili za mwisho hakunywa maji, alilamba ndimu na kutema mate katika kopo, akilala na kopo lile karibu na kichwa. Alipopanda mizani watu walimpigia makofi. Usiku aliofuata alikula wali na nyama, akatapika. Katika raundi ya pili aliiona ngumi inakuja, akaijua, akautaka mkono wake unyanyuke, nao ukakawia. Aliposema baadaye kwamba uzito ulimmaliza, wenzake walimpa jina la utani ambalo hatutaliandika hapa.

Tuanze na lile lisilo na ubishi. Anayoyasema kijana huyu kuhusu mwili wake ni kweli. Zaidi ya nusu ya uzito wa mtu mzima ni maji, na anayepunguza kilo tano kwa siku nne hapunguzi mafuta wala nyama, anapunguza maji. Maji yakipungua, damu hupungua wingi wake, moyo hulazimika kupiga haraka zaidi ili kazi ileile ifanyike, jasho hukosekana na joto hubaki ndani. Misuli huchoka mapema, na fikra huzubaa. Saa 24 za kunywa na kula hurudisha sehemu tu ya kilichopotea, na mizani ikisoma kwamba uzito umerudi, haina maana kwamba nguvu imerudi nao. Mwaka 1997 nchini Marekani wanafunzi 3 wa vyuo, wacheza mieleka, walikufa kwa nyakati tofauti katika muda wa wiki chache tu wakijikondesha kwa namna hiihii, na hawakuwa wamepigwa na mtu yeyote. Mwalimu wa michezo asomaye makala haya na alikumbuke jambo hilo kabla hajamcheka kijana.

Wakulima wa kwetu wangelielewa jambo hili upesi wakielezwa kwa mfano wa shamba. Pilipili manga mbichi ikianikwa hubaki yapata theluthi ya uzito wake. Ukiilowesha tena itakuwa nzito, lakini mnunuzi mjuzi ataitia mkononi na kujua kwamba haikuwa ile.

Basi je, kwa kuwa maelezo ni ya kweli, udhuru umekubalika? Hapa ndipo tunapotofautiana na mpwa wetu, na tulimwambia hivyo. Kwanza, mizani haikumvamia njiani. Aliiendea mwenyewe. Mkataba wa pambano unataja uzani kama unavyotaja tarehe, na mpinzani wake aliutimiza uzani uleule kwa njia zake. Bondia huyu alitaka faida fulani, yaani kupigana na mtu mdogo kuliko yeye. Alipojikondesha alikuwa akiinunua faida hiyo. Ununuzi ukiwa ghali kuliko ilivyodhaniwa, hasara ni ya mnunuzi.

Watunzi wa mashairi wanaijua hali hii vizuri. Anayeingia katika majibizano ya tarbia amekubali vina, na amekubali silabi 16 katika mshororo. Akishindwa kumjibu mwenziwe hawezi kusimama na kusema kwamba hoja alikuwa nayo, ila mizani ilimbana. Sote tungemwambia kwamba mizani ilimbana mwenziwe pia. Wapo walioona kwamba mizani ya jadi haiwatoshi. Euphrase Kezilahabi alipotoa diwani yake ya Kichomi mwaka 1974 alitoka nje ya vina na mizani waziwazi, na ubishi mkubwa ukazuka, ambao sisi wenyewe hatukuwa upande wake na mpaka leo hatujahamia. Lakini tunamheshimu kwa hili: hakujibanza ndani ya tarbia akatoa mishororo iliyovia kisha akailaumu tarbia. Alihama uzani, tena mchana, watu wakitazama.

Pili, udhuru wa uzito una tabia ya kufunika pambano lenyewe, na hapa mhakiki ana kazi ya kufanya. Mfano maarufu kuliko yote ni wa Roberto Durán wa Panama. Tarehe 20 Juni 1980 alimshinda Sugar Ray Leonard mjini Montreal, akawa bingwa wa uzani wa welta, ambao kikomo chake ni paundi 147, yaani kilo 66.7 hivi. Akafanya sherehe, akanenepa sana. Pambano la marudiano likawekwa tarehe 25 Novemba mwaka uleule mjini New Orleans, na ikambidi ajikondeshe kwa haraka. Alipokwisha kupimwa alikula kwa pupa. Katika raundi ya nane aligeuka, akakataa kuendelea. Alisema tumbo lilimkaza. Pengine lilimkaza kweli. Lakini anayeyatazama mapambano yale mawili anaona jambo jingine ambalo tumbo haliwezi kulieleza. Kule Montreal, Leonard alisimama akapigana kwa namna aliyoitaka Durán, kifua kwa kifua. Kule New Orleans alizunguka, akapiga na kuondoka, akamfanyia dhihaka mbele ya maelfu ya watu. Durán mwembamba mwenye afya huenda angefika raundi ya kumi na tano. Kwamba angeshinda, hakuna anayeweza kuapa. Ukiupokea udhuru wa tumbo mzimamzima, umemnyang’anya Leonard akili aliyoitumia usiku ule, na hiyo ni dhuluma.

Afrika Mashariki nayo ina mifano yake. John Mugabi wa Uganda alipigana na Marvin Hagler mjini Las Vegas mwezi Machi 1986 katika uzani wa kati, akaangushwa raundi ya kumi na moja baada ya pambano ambalo hata mashabiki wa Hagler walilisifu. Mwezi Desemba mwaka uleule alishuka paundi 6, akapambana na Duane Thomas kugombea mkanda wa WBC, akashindwa raundi ya tatu. Mtu akitaka kusema kwamba uzito ndio uliomwangusha, jicho lake lililoumia usiku ule linamkatalia. Kisha tarehe 8 Julai 1989 alikwenda Ufaransa kupigania mkanda uleule mbele ya René Jacquot. Katika raundi ya kwanza Jacquot aliteguka kifundo cha mguu, pambano likaisha, na Mugabi akawa bingwa wa dunia. Tulikuwa vijana wakati huo, na tunakiri kwamba tulishangilia. Hatukumbuki kusikia mtu yeyote wa upande wetu akisema kwamba mkanda ule urudishwe kwa sababu ya kifundo cha mguu. Kumbe kifundo cha Mfaransa kilikuwa bahati yetu, na kifundo cha Mtanzania miaka 33 baadaye kikawa, kwa wale wale, ama hila za wageni ama uoga wa mtoto wetu. Wasomaji watatuwia radhi kwa kulisema hili kwa ukali kidogo.

Twaona basi kwamba neno udhuru linachanganya mambo mawili. Maneno ni yale yale, “uzito ulinimaliza,” lakini inategemea yanaambiwa nani. Yakiambiwa mshindi au mashabiki, yanaomba ushindi upunguzwe thamani, na hapo hayana haki, hata yakiwa ya kweli. Yakiambiwa mwalimu, daktari, mama au mjomba, hayaombi kitu. Ni habari ya hatari iliyokwisha kutokea na inayoweza kurudi. Methali ya kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani hutumiwa kwetu kama rungu la kuyanyamazisha yote mawili. Watu walioitumia pale nje ya kanisa walimfunza mpwa wetu jambo moja tu: kwamba safari nyingine asiseme. Nao wenzao wa zamani waliacha methali nyingine, kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, ambayo siku ile hakuna aliyeikumbuka.

Kuna upande mwingine ambao husahauliwa kabisa katika ubishi huu, nao ni upande wa wanaopanga mapambano. Kijana wa kilo 66 alipewa pambano la kilo 61 na watu wazima walioijua tofauti hiyo. Mabaraza ya ngumi ya dunia yamekwisha kuona kwamba mizani moja haitoshi. WBC huwataka mabingwa na wapinzani wao wapimwe pia siku 30 kabla ya pambano, wakiwa hawajazidi uzani kwa zaidi ya asilimia 10, na siku 7 kabla, wasizidi asilimia 5. IBF nayo iliweka kanuni ya kuwapima tena asubuhi ya siku ya pambano la ubingwa, bila kuwaruhusu wawe wameongezeka zaidi ya paundi 10. Kwa kipimo cha WBC, mpwa wetu aliyebakiza siku nne akiwa na ziada ya zaidi ya asilimia 8 asingefika ulingoni. Hatuoni kwa nini ukumbi wa Morogoro, mji wa Francis Cheka aliyeuchukua ubingwa wa WBF mwaka 2013, ushindwe kuweka mizani wiki moja kabla. Mizani hazikosekani, kila mnunuzi wa iliki na karafuu barabara ya Mkuyuni anayo moja.

Tulimaliza mazungumzo yetu usiku, taa ikiwa imekwisha kuzimwa. Tulimwambia mpwa wetu kwamba yule aliyempiga alimpiga kwa haki, na kwamba akimwona mjini amsalimu na kumwambia hivyo. Hakupenda. Tulimwambia pia kwamba tunamwamini juu ya ule mkono uliokawia, na kwamba kesho yake atamweleza mama yake habari ya kopo. Alinyamaza, kisha akauliza kama mama angemkataza kupigana. Tulimjibu kwamba huenda.

Hakumkataza. Alimwuliza uzito wake wa kweli ni kilo ngapi, naye akamwambia 66, na tangu siku hiyo hapelekewi mkataba ambao mama hajaulizia kwanza tarakimu hiyo. Amepigana mara tatu tangu hapo, akashinda mbili. Ile aliyoshindwa alikuja kutuhadithia mwenyewe, akituonyesha kwa mkono jinsi ngumi ile ya kushoto ilivyopita chini ya kiwiko chake, na kwa muda wa saa nzima hakutaja mizani.